Kuchora nakshi za Mombasa kwa rangi za maji, kwa njia ya Index of American Design

Kabla hujanunua hata brashi, ingia kwenye tovuti ya National Gallery of Art ya Washington, tafuta Index of American Design, mkusanyo wa michoro ya vitu vya mafundi wa Marekani, kisha andika jina Schimmel. Watakutokea tai. Ni ndege wa mbao waliochongwa kwa kisu na kupakwa rangi na Wilhelm Schimmel, mtu wa kutangatanga aliyezunguka mashamba ya upande wa Carlisle, Pennsylvania, akibadilisha vinyago vyake kwa chakula na kinywaji mpaka alipofariki mwaka 1890. Vuta picha karibu, uyatazame manyoya yale yaliyokatwa mistari kwa mistari. Unachokitazama hakikupigwa na kamera. Ni rangi za maji juu ya karatasi, na nyuma ya ndege hakuna meza, hakuna ukuta, hakuna chochote.

Mimi kwa kazi ni mchoraji wa ramani za nyumba. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, na nyumba yetu ya Kibokoni ilinukia unga wa msaji mwaka mzima, kwa hivyo nakshi niliijua kwa kidole kabla sijaijua kwa jicho. Jumamosi huwafundisha vijana kuchora milango, masanduku, viti na mbuzi za kukunia nazi kwa njia ile ya Wamarekani. Haya ni yale ninayowaambia.

Wamarekani walikuwa wakifanya nini

Mwaka 1935 Marekani ilikuwa ndani ya mdororo mkubwa wa uchumi. Serikali ya Roosevelt ikawalipa wasanii mishahara kama ilivyowalipa wajenzi wa barabara, na mradi wa wasanii, Federal Art Project, ukawekwa chini ya Holger Cahill. Wazo la Index lilitoka maktaba ya umma ya New York. Romana Javitz, aliyesimamia mkusanyo wa picha pale, alikuwa akiulizwa na wabunifu wataona wapi kazi za mafundi wa kwao wenyewe, naye hana cha kutosha cha kuwaonyesha. Yeye na Ruth Reeves, mbunifu wa vitambaa, wakapendekeza vitu vyenyewe vichorwe, jimbo kwa jimbo. Kazi iliposimama mwaka 1942 ilikuwa imefika michoro kama 18,000: sanamu za kike za omo za meli, sanamu za mbao zilizosimamishwa nje ya maduka ya tumbaku, majogoo wa kuonyesha upepo, farasi wa bembea za kuzunguka, bata wa mbao wa kuwalaghai bata wa kweli, watakatifu wa New Mexico, pamoja na samani, nguo, vyombo vya udongo na vitu vya watoto. Mwaka 1943 yote yakakabidhiwa National Gallery.

Vijana huniuliza kwa nini hawakupiga picha tu. Filamu ya rangi ya siku zile ilikuwa ghali na rangi zake hazikuaminika kudumu. Lakini hata leo, na simu yako nzuri, jibu la pili bado linasimama: kamera huchukua mng'ao wa vanishi, kivuli cha waya wa stima na kina cha patasi, vyote kwa uzito mmoja. Mchoraji hukaa na kitu mpaka ajue kipi ni cha mbao na kipi ni cha saa kumi na moja jioni. Kule Boston, Suzanne Chapman wa Museum of Fine Arts aliwafunza wachoraji wa Index njia iliyokuwa ikitumiwa kuchora vitu vya kale vya Misri: mchoro wa penseli uliopimwa, kisha tabaka juu ya tabaka za rangi nyepesi, mpaka mbao ionekane mbao na chuma kionekane chuma. Njia hiyo ndiyo tutakayoifuata.

Nina lawama moja juu yao. Sanaa ya Wamarekani asilia waliiacha nje ya mradi, kana kwamba waliokuwapo kwanza hawakuchonga chochote. Ndiyo maana orodha yetu ya Jumamosi haiishii kwenye milango mikubwa ya Mji wa Kale. Iko milango ya Kibajuni ya nakshi za maumbo ya pembepembe, ziko kazi za Wakamba kule Changamwe, ambako chama chao cha ushirika kipo tangu 1963, na viko vitu vya jikoni ambavyo hakuna mtalii anayevipiga picha.

Ushahidi, na mahali pa kuweka brashi chini

Kuna kisa kimoja cha hapa Pwani ambacho kila mwanafunzi wangu lazima akijue. Mwaka 1985 mtafiti alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa mbele ya vigango viwili, zile mbao za ukumbusho zinazosimamishwa kwa ajili ya waliofariki. Muda si muda vigango vikaibwa. Miaka baadaye vilitambuliwa Marekani, kimoja kwenye jumba la makumbusho la jimbo la Illinois na kingine Hampton University, na kilichovitambulisha ni ile picha. Kimoja kilirudishwa 2006, kingine 2007. Picha moja ya uso mzima, iliyoonyesha kila pembetatu iliyochongwa, ilifanya kazi ambayo maneno ya mdomo yasingeweza.

Mchoro wako nao uwe wa namna hiyo. Mtu akisimama na mlango huo Dubai au Chicago miaka thelathini ijayo, aweze kuweka mchoro wako kando na kusema ni huu. Ukizidisha ua moja kwa sababu upande wa kushoto ulibaki mtupu, au ukinyoosha mwimo uliopinda, umeharibu ushahidi. Sina ugomvi na wale wanaochora vichochoro vya Ndia Kuu na paka na boganvilea kwa ajili ya wageni. Wana watoto wa kulisha. Lakini hiyo ni kazi nyingine.

Kisa hicho kina upande wa pili. Vigango vilivyosimama mahali pake usiende kuvichora kwa sababu umevipenda. Vina wenyewe, na mchoro wenye jina la kijiji ukiutupa mtandaoni unamwelekeza mwizi. Kama wazee wa kaya wenyewe wamekuomba, chora, na mchoro ubaki kwao.

Anza na mbuzi

Usianze na mlango. Anza na mbuzi ya nazi, ile ya nyumbani kwenu, iliyokaliwa mpaka ikang'aa. Ina mbao ya kukalia, ina miguu iliyopishana, ina ulimi wa chuma wenye meno, na mara nyingi ina nakshi kidogo tu, mistari miwili mitatu pembeni. Ndani ya kitu kimoja kidogo umepata mbao kavu, mbao iliyoshiba mafuta ya tui na chuma chenye kutu. Ukiweza mbuzi utaweza sanduku, ukiweza sanduku utaweza kiti cha enzi, na mlango utakuja wenyewe.

Ukifika kwenye mlango, piga hodi. Milango yetu iko barabarani lakini haina maana ni ya barabara. Kuna Bi Mkubwa mmoja alifungua kidirisha cha juu akanitazama na ubao wangu wa kuchorea.

"Salaam aleikum, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Aleikum salaam. Marahaba. Watu wa picha tumewachoka, mwanangu."

"Mimi sina kamera, mamangu. Nataka kuupima mlango na kuuchora, kwa idhini yako. Na nikimaliza nakuletea nakala yako."

Akafikiri. "Waupima wataka kuununua?"

Swali hilo ni la haki. Wanunuzi wa milango huja na futi vilevile. Mweleze mwenye nyumba waziwazi unachofanya, muulize kama anataka jina lake liandikwe, na akikataa mshukuru uende. Bi Mkubwa alikubali, kwa sharti nisimzibie mlango saa ya wajukuu kutoka madrasa. Kama kitu kiko ndani ya Fort Jesus au kwenye jengo lililotangazwa kuwa la urithi, nenda kwanza kwenye ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya uulize utaratibu.

Kupima

Hapa ndipo watu hukosa subira, na hapa ndipo mchoro unapopatikana au kupotea. Pima urefu na upana, kisha pima kona kwa kona pande zote mbili. Kona za mlango wa zamani haziko mraba. Nyumba imekaa, ukuta wa matumbawe umesukuma, na mwimo mmoja umeshuka. Vipimo vya kona kwa kona vikitofautiana kwa sentimita mbili, mchoro wako nao utofautiane.

Chagua kipimo. Mlango wa sentimita 250 kwa 160, ukiuchora kwa 1:5, unakuwa sentimita 50 kwa 32. Unaingia kwenye karatasi ya A2 na kubakisha ukingo wa kutosha. Kwa 1:5 utaonyesha mpango mzima: kizingiti cha juu, miimo, mfaa (ule ubao wa wima wa katikati), misumari. Lakini alama ya patasi hutaionyesha, kwa hivyo chora karatasi ya pili ya kipande kimoja kwa ukubwa wake halisi, labda ua moja la kizingiti na kipande cha nakshi ya mnyororo ya pembeni. Kwa maoni yangu karatasi hii ya pili ndiyo yenye thamani kubwa. Fundi akitaka kutengeneza mwimo uliooza ataomba hiyo.

Picha ya simu piga, kwa kumbukumbu tu, ukisimama mbali na usawa wa katikati ya mlango. Ukipiga kwa karibu, lenzi ya simu huvimbisha katikati na kupinda kingo, na anayechora kwa kufuatisha picha hiyo anachora simu yake.

Mchoro wa kwanza ufanye kwenye karatasi ya kawaida. Futa utakavyo, rekebisha utakavyo. Ukiridhika unakili kwa karatasi angavu, upake risasi ya penseli upande wa nyuma, uilaze juu ya karatasi nzuri na kupitia mistari kwa penseli ngumu ya 2H. Karatasi nzuri isiguswe na kifutio ila kwa dharura, kwa sababu ukisugua unaondoa ile gundi ya juu inayoizuia isinywe rangi ovyo, na pale uliposugua patatoka doa usiloweza kuliondoa.

Usiweke karatasi juu ya nakshi na kuisugua kwa penseli au makaa ili upate umbo. Najua ni rahisi. Vumbi la risasi huingia kwenye mbao na mafuta yake, na rangi kavu ya zamani hubanduka.

Maandishi

Kizingiti cha juu kikiwa na aya au tarehe, usichore herufi za Kiarabu kama maua. Kama huzisomi vizuri, mpeleke maalim au piga picha umwonyeshe. Mchongaji mara nyingine ameacha nukta, au rangi imeziba nukta. Chora kilichopo kwenye mbao, na usomaji wa maalim uuandike kwenye karatasi ya maelezo. Mwaka ukiwa wa Hijria, uandike hivyo hivyo na pembeni uweke wa Miladi: 1310 ni kati ya Julai 1892 na Julai 1893. Na ukumbuke kwamba tarehe ni ya mlango. Milango huhama nyumba.

Mwanga

Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini kutwa, kwa hivyo mlango unaotazama kusini hukaa kivulini siku nzima. Desemba ni mlango wa kaskazini unaopata bahati hiyo. Kwa kulinganisha rangi unataka kivuli hicho, mwanga mpana wa mbinguni usio na jua la moja kwa moja. Kwa kuelewa kina unataka kinyume chake, mwanga wa ubavuni. Njoo magharibi inapokaribia na tochi ya simu, iegemeze karibu na mwimo, uimulike nakshi kutoka kushoto juu. Utaona mambo ambayo mchana yote yalilala: pale fundi alipoteleza, pale mkono wa fundi wa pili ulipoingia, pale palipochongwa upya.

Rangi usizilinganishe usiku. Taa za LED za vichochoroni hubadilisha kahawia yote.

Kwenye karatasi, mwanga utoke juu kushoto siku zote, hata kama siku hiyo jua lilitoka kulia. Ni kanuni ya kale ya wachoraji wa vyombo, na ina sababu. Jicho la msomaji likishajua mwanga unatoka kushoto juu, shimo litakuwa na giza upande wa kushoto juu na nuru upande wa kulia chini. Uvimbe utakuwa kinyume. Changanya hivyo viwili kwenye mlango mmoja, na ua lililochongwa ndani litaonekana limetokeza nje. Waandikie wanafunzi wako juu ya ubao: shimo giza kushoto, kifundo nuru kushoto.

Karatasi na rangi, kwa hali ya hewa yetu

Nunua karatasi ya pamba ya gramu 300, ya uso laini. Ile ya uso wa mabonde ni nzuri kwa mawingu, lakini hapa itakupigania kila mstari. Unyevu wa Mombasa ni adui wa karatasi: ile gundi yake huoza, halafu rangi inazama kama kwenye karatasi ya kukaushia wino. Kabla ya kuanza dondosha tone la maji kwenye kona. Likikaa juu limevimba, karatasi ni nzima. Likinywewa papo hapo, ifanyie mazoezi. Karatasi zangu nazifunga kwenye mfuko wa plastiki mnene pamoja na zile pakiti ndogo za chembe za kunyonya unyevu zinazokuja ndani ya masanduku ya viatu. Usizitupe.

Rangi sita zinatosha. Usiamini jina la kwenye kichupa, soma namba ya rangi iliyoandikwa kwa herufi ndogo: oka ya njano, PY42 au PY43, siena iliyochomwa (kahawia ya wekundu) na amba iliyochomwa (kahawia ya giza), zote PBr7, nyekundu ya udongo, PR101, ultramarini, ile buluu, PB29, na kijani cha PG18 kwa ajili ya shaba. Nyekundu ya alizarini, PR83, iache dukani, kwa sababu hufifia ikipigwa na mwanga, na mchoro wa ushahidi haufai kufifia. Nyeusi ya kichupa pia sitaki kuiona. Ultramarini na siena iliyochomwa zikichanganywa zinakupa giza la mlango wa zamani, la ubaridi au la joto kwa unavyopima.

Brashi mbili, namba 6 ya kujaza na namba 2 yenye ncha inayorudi. Sahani nyeupe ya jikoni. Makopo mawili ya maji, moja la kuoshea na moja la maji safi. Na kipande cha karatasi cha kuweka chini ya kiganja, kwa sababu hapa mkono unatoa jasho, jasho lina mafuta, na mafuta yanakataa rangi. Hutaliona mpaka tabaka la tatu, ndipo alama ya mkono wako itokee nyeupe katikati ya mwimo.

Tabaka

Tabaka la kwanza ni rangi nyepesi kuliko zote iliyomo ndani ya mbao. Angalia ukingo wa juu wa nakshi, pale panapoguswa na watu. Kwenye msaji wa zamani utakuta manjano ya asali chini ya kahawia. Changanya oka na siena kidogo, maji mengi, upake mbao yote isipokuwa pale palipong'aa kabisa. Mng'ao ni karatasi tupu. Ukiuziba umeuziba.

Ngoja ikauke. Weka mgongo wa mkono juu ya karatasi bila kubonyeza. Ukihisi ubaridi, bado. Wakati wa kaskazi dakika chache zinatosha. Wakati wa masika waweza kunywa kahawa tungu vikombe viwili na urudi ukute bado, na ukipaka juu ya unyevu, tabaka la chini litainuka na kuwa tope. Feni iwe mbali, isije ikasukuma maji kwenye kingo.

Tabaka la pili ni kivuli, na hapa lazima ujue patasi. Patasi bapa ikikata mara mbili kukutana, inaacha mfereji wenye kuta mbili na mstari mkali chini. Ukuta wa kushoto uko gizani, wa kulia una nuru, na mpaka wao ni mstari usio na mchezo: paka ukuta mmoja, acha mwingine, basi. Patasi ya duara inaacha bonde lisilo na mstari. Huko unapaka ukingo wa kushoto, unaosha brashi, unaikausha nusu, na kwa brashi hiyo yenye unyevu unavuta rangi kuelekea kulia mpaka iishe yenyewe. Tofauti ya miondoko hii miwili ndiyo inayomwambia fundi kifaa gani kilitumika. Nimeona michoro mizuri ya kupendeza ambayo kila mfereji umevutwa laini, ikawa mlango umefinyangwa kwa udongo.

Kama una nafasi, nenda Changamwe ukae kando ya mchongaji asubuhi moja, utazame kifaa kinaingiaje na kinatokaje. Mwache afanye kazi yake, na ununue kitu.

Tabaka la tatu ni kahawia yenyewe ya mlango, siena na amba, nyembamba, juu ya vyote viwili. Litaunganisha nuru na kivuli viwe mbao moja. Likikauka, chukua brashi ndogo karibu kavu, uibonyeze kidogo ili nywele zitawanyike, uvute kufuata nyuzi za mbao. Nyuzi zinapanda na mwimo na kulala na kizingiti; anayezivuta zote wima anaonyesha hakuutazama mlango. Mwisho kabisa weka giza la ndani: nyufa, tundu la komeo, kivuli chini ya kila msumari, upande wa kulia.

Shaba isipakwe rangi ya dhahabu ya kung'aa. Kichwa cha msumari ni oka, amba pembeni, giza chini kulia, kidoto cha karatasi tupu juu kushoto, na kama kuna ukoga basi PG18 iliyochafuliwa na siena. Tofautisha misumari. Kwenye milango mingi mitatu minne imeshabadilishwa kwa ya chuma, na ya chuma inalia kutu kwenye mbao chini yake. Chora machozi hayo ya kutu, urefu wake na rangi yake.

Na mlango uliopakwa rangi ya kijani ya mafuta juu ya nakshi, uchore kijani. Wanafunzi hupenda kuuvua mlango rangi kwa mawazo yao ili uwe wa kale zaidi. Tazama pale ilipobanduka, hesabu tabaka unazoziona kutoka juu kwenda chini, uziandike kwenye maelezo. Hapo umemaliza.

Karatasi ya maelezo

Kila mchoro wa Index ulikuwa na fomu yake: kitu ni nini, kimetengenezwa na nani kama yajulikana, lini, kwa malighafi gani, vipimo vyake, ni cha nani, nani amechora. Bila fomu hiyo tai wa Schimmel angekuwa ndege wa mbao tu. Yetu tunaiandika kwa Kiswahili kwenye karatasi ya A4: aina ya mbao (kama hujui, andika hujui, msaji, mvule na mbambakofi vikishashiba moshi na mafuta vinafanana), vipimo vyote pamoja na kona kwa kona, mlango unatazama upande gani, nini kimetengenezwa upya, mwenye nyumba anasimulia nini, na tarehe ya kuchora. Masimulizi yaandike kama masimulizi, kwa maneno ya msimuliaji, "Bi Mkubwa asema babu yake aliununua kwa Muhindi wa Bohora," bila kuyageuza kuwa historia. Pembeni paka vidoto vya rangi ulizotumia na namba zake, na chini ya mchoro weka kipimo kilichochorwa, yaani mstari wenye alama za sentimita za mlango halisi, kwa sababu picha ikichapishwa kwa ukubwa mwingine, "1:5" itakuwa uongo lakini kipimo kilichochorwa kitakua na kupungua pamoja nayo.

Mchoro wenyewe usiutundike ukutani. Uweke bapa ndani ya jalada la karatasi isiyo na asidi, juu ya kabati na si kwenye sakafu, mbali na ukuta wa nje unaotoa chumvi, uufungue kila baada ya masika kutazama kuvu na wadudu wa karatasi. Uskani nakala mbili: moja ukae nayo, moja iende kwa mtu au taasisi uliyoiamini, bila anwani ya nyumba kama mwenyewe hakuridhia. Nakala ya tatu ichapishe kwa rangi, umpelekee mwenye mlango kama ulivyoahidi, na usimtoze.